Kubadilisha mandhari ya tamthilia maarufu ya muziki: kazi za jukwaa la zamani ambazo hazikuandikwa popote

Majina ya kampuni, ya tamthilia yenyewe na ya miji yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Tamthilia zinazotajwa kwa majina ni za kulinganishia tu.

Usuli

Kampuni hii ilikuwa imezunguka na tamthilia moja mashuhuri ya muziki kwa zaidi ya miaka 20. Waimbaji walikuja na kuondoka, lakini mandhari ilibaki ileile: duara kubwa linalozunguka katikati ya jukwaa, na juu yake vipande vizito vya mbao na chuma vilivyokuwa nyumba, mtaa, gereza na bandari kwa zamu. Jukwaa la kuzunguka si ugunduzi wa jana. Waigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, walikuwa nalo Osaka tangu 1758, na fundi wa jukwaa Mjerumani Karl Lautenschläger akalijenga mjini Munich mwaka 1896. Ila kwa tamthilia kubwa za miaka ya 1980, ambazo huimbwa karibu mwanzo hadi mwisho bila pazia kushuka, duara ndilo lililoiwezesha hadithi kuhama kutoka pahali hadi pahali bila kukata pumzi.

Sababu za kutaka mabadiliko zilikuwa za kawaida. Duara lilihitaji sakafu ya ziada juu ya sakafu ya ukumbi, na sakafu hiyo ilipandisha jukwaa hadi watu wa safu za mbele wakawa hawaoni miguu ya waigizaji. Kumbi kongwe hazikuweza kubeba uzito ule. Kufunga kila kitu kulichukua siku tatu, na siku ambayo ukumbi hauuzi tiketi ni siku ya hasara. Vipuri vya mota vilikuwa vimeacha kutengenezwa. Fundi mkuu aliishi kwa kuvichonga mwenyewe.

Sababu ya mwisho ilikuwa ya kisheria, na watu wengi nje ya fani hawaijui. Leseni ya kuigiza tamthilia kwa kawaida hutoa ruhusa ya maneno na muziki. Mandhari ya onyesho la kwanza ni mali nyingine, yenye mwenyewe na mkataba wake. Mkataba wa mandhari ya zamani ulikuwa unakaribia kwisha. Kampuni ilikuwa na njia mbili: kuulipia upya, au kuja na mandhari isiyofanana na ile kiasi cha kuzua kesi.

Njia hii ilikwishapitwa na wengine. *Les Misérables* ilifunguliwa London mwaka 1985 katika ukumbi wa Barbican, ikiwa na duara lililobuniwa na John Napier. Mwishoni mwa 2009, kuelekea miaka 25 ya tamthilia hiyo, toleo jipya lilianza ziara yake mjini Cardiff bila duara. Mbunifu wake, Matt Kinley, alitumia taswira za projekta zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, aliyeandika riwaya iliyozaa tamthilia hiyo, maana mwandishi yule alikuwa pia mchoraji hodari. Toleo la zamani liliendelea London hadi Julai 2019, kisha jipya likachukua nafasi yake Desemba mwaka huohuo. Yaani matoleo mawili yaliishi sambamba kwa takriban muongo mmoja kabla ya moja kumpisha mwenzake. Kampuni yetu haikuwa na anasa hiyo. La zamani lingefungwa, na miezi michache baadaye jipya lingefunguliwa.

Uamuzi wa kwanza: minara mitatu na kitambaa kimoja

Mbunifu mpya alileta pendekezo lenye mvuto. Badala ya duara, minara mitatu ya magurudumu yenye ngazi na roshani, na nyuma yake kitambaa kikubwa cha kijivu cha kupokea taswira za projekta. Aliliwasilisha kwa kielelezo cha kipimo cha 1:25, ambacho ndicho kipimo kilichozoeleka katika kazi hii. Watayarishaji walikizunguka, wakakipiga picha, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubali.

Hapa nina neno. Kielelezo ni chombo kizuri cha kuonyesha sura, lakini hakionyeshi muda. Mnara wa kadibodi husogezwa kwa kidole kimoja na kufika papo hapo. Hakuna aliyeuliza siku ile mnara halisi ungechukua sekunde ngapi kutoka pembeni hadi katikati, wala okestra ingekuwa inapiga nini wakati huo. Tamthilia ya maneno matupu husubiri; mwigizaji huvuta pumzi, hutazama dirishani, mandhari ikafika. Katika tamthilia ya muziki nota ndizo zenye saa, na zikishaanza hazimsubiri mtu.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa meneja wa jukwaa, ambaye alikuwa na toleo la zamani kwa miaka mingi. Alipendekeza kwamba kabla ya kuchora chochote zaidi, wakae na kitabu cha ishara cha zamani, kile kinachoandika kila agizo la taa, sauti na mwendo wa mandhari, waende ishara moja baada ya nyingine, na kila mahali duara lilipogeuka waandike lilikuwa linafanya kazi gani. Hakutaka mwendo wake tu. Alitaka kujua lilikuwa linamsaidia nani, na kwa nini lilianza kugeuka pale na si kwingine.

Orodha iliyotokea iliwashangaza hata walioigiza humo kwa miaka. Katika wimbo mmoja duara lilikuwa linamleta mwimbaji mkuu mbele taratibu, bila yeye kupiga hatua, ili aanze ubeti wa mwisho akiwa karibu na watu. Katika mwingine lilikuwa linawaondoa waigizaji kumi na wawili jukwaani kimyakimya huku macho ya ukumbi yakiwa kwingine. Kuna mahali liligeuka nusu tu ili kuficha mtu anayebadilisha nguo. Na kuna mahali lilikuwa ndiyo miaka yenyewe inayopita: mhusika anatembea dhidi ya mzunguko, haendi popote, na mtazamaji anaelewa kwamba umri umekwenda. Maneno ya wimbo hayakusema hivyo. Duara ndilo lililosema.

Kila kazi ikapewa mbebaji mpya: taa, taswira, mnara, au mwendo wa waigizaji wenyewe. Zoezi hilo lilifanyika kwa sehemu ya kwanza ya tamthilia. Kwa sehemu ya pili halikufanyika. Ratiba ya karakana ilikuwa inabana, michoro ilitakiwa ipelekwe kwa mafundi, na mwongozaji mpya aliona kwamba njia sasa inajulikana. Tofauti ya sehemu hizo mbili ndiyo iliyokifanya kisa hiki kifae kuchambuliwa.

Mazoezini

Katika chumba cha mazoezi minara iliwakilishwa na masanduku matupu yenye magurudumu, na mipaka ya jukwaa ikachorwa kwa utepe sakafuni. Yalisogea vizuri mno. Mnara halisi ulikuja kuwa mzito mara nyingi zaidi na wenye breki zinazotakiwa kufungwa kabla mtu hajapanda. Muda wote uliopimwa chumbani ulikuwa muda wa masanduku.

Mwongozaji wa muziki aliyebaki kutoka toleo la zamani alikuwa na tabia ambayo wengine waliichukulia kama ukaidi: alikaa na saa ya kuhesabia sekunde juu ya piano na kuandika, kwenye nota, muda wa kila mpito. Mahali pengi aliandika pia idadi ya miraba ya muziki, yaani vipande vifupi vya mapigo machache, iliyoruhusiwa kurudiwa. Nota za tamthilia nyingi za aina hii huwa na miraba michache ya akiba ambayo okestra huizungusha hadi jukwaa liwe tayari. Lakini pale ambapo mtunzi hakuiweka, kuiongeza ni kubadili kazi yake, na kwa hilo lazima uombe ruhusa. Ombi lilipelekwa mapema. Jibu la wenye haki lilikuwa wazi: rudieni palipoandikwa kurudia, pengine msiongeze kitu.

Jibu lile lilionekana gumu. Kwa maoni yangu liliwaokoa. Bila hilo, kila mnara uliochelewa ungejibiwa kwa kurefusha muziki, na tamthilia ingefika siku ya kwanza ikiwa imelegea kama kamba ya nguo.

Wiki ya mazoezi ya kiufundi

Sehemu ya kwanza ilipita kwa taabu za kawaida. Tatizo lililokula muda lilikuwa mgongano wa taa na taswira. Mbunifu wa taa alitaka nyuso zionekane, na haki alikuwa nayo: mtazamaji asiyeona mdomo wa mwimbaji huhisi kwamba hasikii maneno. Lakini taa za mbele zilipiga sakafu, zikaruka hadi kwenye kitambaa, na anga la jioni lililochorwa kwa uangalifu likageuka maziwa. Ufumbuzi haukuwa kuongeza nguvu ya projekta. Walipaka sakafu rangi nyeusi isiyong'aa, wakapunguza taa za mbele, wakaziweka nyingine pembeni na nyingine juu kwa pembe kali, na wakawaomba waigizaji wakae mbali na kitambaa. Likatokea ukanda wa karibu mita mbili mbele ya kitambaa ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga, maana projekta zilikuwa zimefungwa mbele ya roshani ya watazamaji na kila kichwa kilichoingia humo kilitupa kivuli angani.

Sehemu ya pili ilikwama siku ya kwanza. Mpito wa kutoka mtaani kwenda ndani ya nyumba, ambao zamani ulikuwa robo ya mzunguko, sasa ulihitaji minara miwili ipishane. Muziki uliisha, minara ikawa bado njiani, na mwimbaji akaanza ubeti wake gizani akingoja ngazi. Wakajaribu kuanza kuisogeza mapema, wakati wa ubeti wa mwisho wa wimbo uliotangulia. Mwimbaji wa wimbo huo alikataa, na kwa sababu ya msingi: kitu kikubwa kikitembea nyuma ya mtu anayeimba, macho yote humhama. Wakajaribu kusukuma kwa kasi zaidi. Mnara mmoja ulisimama kabla ya alama yake, breki ya gurudumu moja haikushika, nao ukasogea kidogo huku mwigizaji akiwa ameweka mguu kwenye ngazi. Hakuna aliyeumia. Msimamizi wa mitambo alisimamisha mazoezi pale pale, na hakuna aliyemshawishi aendelee.

Baada ya hapo iliwekwa kanuni: hakuna anayepanda mnara kabla ya msukumaji kuthibitisha breki na taa ndogo ya kijani kuwaka upande wa ndani wa ngazi. Kanuni ilikuwa sahihi. Pia iliongeza sekunde kadhaa kwa kila mpito, katika sehemu ambayo tayari haikuwa na sekunde.

Usiku ule kulikuwa na njia tatu mezani: kuahirisha maonyesho ya majaribio, kuomba tena ruhusa ya kuongeza muziki, au kupunguza miendo ya minara. Mtayarishaji alichagua ya tatu. Hoja yake ilikuwa kwamba wasukumaji walikuwa wamechoka, na kuahirisha kungewapa siku mbili zaidi za kurudia jambo lilelile lisilowezekana. Mbunifu alipinga, kwake minara isiyosogea ilikuwa nusu ya wazo lake. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyeleta jibu. Mnara usiondoke. Ugeuke tu mahali ulipo, na mgongo wake, uliokuwa mbao tupu, upakwe rangi na kuwa ukuta wa ndani. Mafundi walifanya kazi hiyo usiku kucha. Katika sehemu nzima ya pili minara ikabaki na miendo michache tu mirefu.

Tukio lililotarajiwa na wote

Kila tamthilia maarufu ina dakika ambayo watu wamekuja kuiona. Hapa ilikuwa katika sehemu ya pili, pale ambapo duara liligeuka polepole na kuonyesha, upande wa pili wa ukuta, matokeo ya usiku uliopita. Watazamaji wa muda mrefu walikuwa wanaanza kulia kabla halijamaliza kugeuka.

Toleo jipya liliweka hapo taswira inayosogea: ukuta ukichorwa, ukififia, kisha ukafunguka. Ilikuwa nzuri kutazama na haikumgusa mtu. Katika maonyesho ya majaribio ukumbi ulikaa kimya kile cha watu wanaongoja jambo litokee.

*Les Misérables* ilikuwa imekutana na shida kama hiyo. Katika toleo la 1985 kizuizi cha mtaani kiligeuka na kumfunua Enjolras, kiongozi wa wanafunzi waasi, amelala amekufa juu yake. Toleo jipya, lililokosa duara, lilimleta akiwa maiti juu ya mkokoteni. Tofauti si ndogo. Duara lilimpeleka mtazamaji upande wa pili. Mkokoteni unaleta upande wa pili kwake. Lakini vyote viwili vina mwili halisi na mwendo halisi, na nadhani hapo ndipo kampuni yetu ilipopotea: kazi iliyofanywa na uzito ilipewa mwanga.

Walipoandika kazi ya dakika ile, kwa kuchelewa, ikawa hivi: kumlazimisha mtazamaji aone jambo asilolitaka, kwa mwendo asioweza kuuharakisha. Taswira ikaondolewa. Waigizaji sita wakawekwa kwenye mnara wa kati, upande wa nyuma, na mnara ukageuzwa kwa mikono na wahusika wenyewe walio hai, mbele ya macho ya wote, kwa muziki uleule. Hapo pakapona, ingawa si kwa wote. Barua za malalamiko kuhusu dakika hiyo ziliendelea kuja kutoka kwa watu waliolijua toleo la zamani.

Matokeo

Ufungaji ulishuka kutoka siku tatu hadi siku moja na nusu, na mzigo wa malori ukapungua. Miji ambayo zamani haikuweza kupokea onyesho sasa inaweza. Wahakiki walisifu kasi ya sehemu ya kwanza na wengi waliiona sehemu ya pili kuwa tulivu kuliko walivyotarajia. Hawakujua kwamba utulivu huo ulizaliwa na minara iliyokataa kusogea.

Gharama hazikushuka kama ilivyodhaniwa. Pesa zilizookolewa kwenye mbao na usafiri zilihamia kwa mafundi wa projekta na kwa saa za kulinganisha taswira katika kila ukumbi mpya, kwa kuwa umbali na pembe hubadilika. Na maonyesho mawili yalisimamishwa kompyuta ya taswira ilipoganda, kwa kuwa hapakuwa na mpango wa pili. Sasa kuna pazia lililochorwa linaloning'inia tayari, ambalo meneja wa jukwaa anaweza kulishusha kwa ishara moja na onyesho likaendelea.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni orodha ya kazi za duara. Sehemu ya kwanza, iliyopitiwa ishara kwa ishara, haikuhitaji mabadiliko makubwa. Sehemu ya pili ililipia kila kilichorukwa. Ni rahisi kusema kwamba muda haukutosha, lakini muda uliotumika kupaka migongo ya minara usiku na kuvunja tukio zima katikati ya majaribio ulizidi ule ambao orodha ingechukua.

Kumbakiza mwongozaji wa muziki na meneja wa jukwaa lilikuwa jambo la busara, ingawa nadhani lilifanyika kwa sababu mikataba yao ilikuwa haijaisha. Mwongozaji mpya na mbunifu mpya walihitaji macho mapya. Lakini kumbukumbu ya sababu haikuwamo kwenye video ya kumbukumbu wala kwenye michoro. Ilikuwa kwa watu hao wawili.

Masanduku matupu chumbani yalikuwa akiba ya uongo. Mnara mmoja tu wa chuma usiopakwa rangi, wenye uzito wa kweli na breki za kweli, ungeonyesha tatizo la mpito wiki kadhaa kabla. Na ungeionyesha breki.

Kuhusu projekta sina ugomvi nazo. Zilifanya vizuri palipokuwa na hali ya hewa, umbali, mapambazuko, mji unaoonekana kutoka mlimani. Hata kile kipande cha miaka inayopita kilifaulu, baada ya kuacha taswira yenye kasi isiyobadilika na kumpa fundi uwezo wa kuifuata miguu ya mwigizaji usiku huo. Zilishindwa palipotakiwa kitu chenye uzito.

Kuna wanaodai kwamba somo ni kupunguza mandhari hadi karibu na sifuri, na hutaja *Chicago*: toleo la 1996 liliiweka okestra jukwaani na waigizaji katika nguo nyeusi, likaishi Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo za New York, muda mrefu kuliko toleo la 1975. Mfano mwingine ni *Sweeney Todd*. Mwaka 1979 Eugene Lee aliijengea mandhari kwa vipande vya kiwanda halisi cha kuyeyushia chuma. Mwaka 2005 ikarudi Broadway na waigizaji 10 waliopiga ala wenyewe. Mifano hiyo ni ya kweli ila haihamishiki hivihivi. *Chicago* imeundwa kama mfululizo wa vipindi vya jukwaani, kila wimbo ukijitangaza. Haihitaji mtaa wala nyumba. Tamthilia ya kisa hiki inahama miji na miaka ndani ya wimbo mmoja, na ukiiondolea chombo cha kuhamia lazima uipe kingine.

Suala lililobaki wazi ni ule ukanda wa mita mbili. Kumbi ndogo za msimu ujao hazina kina cha kuupoteza. Mbunifu anataka ukuta wa LED, yaani skrini kubwa inayotoa mwanga wake yenyewe, usiotupiwa vivuli. Mbunifu wa taa anasema ukuta huo utawamulika waigizaji migongoni na kumnyima giza analolihitaji, na fundi mkuu ameanza kupiga hesabu ya uzito wake. Jaribio limepangwa, safari hii kwa kipande cha ukuta halisi, mnara halisi, na mwongozaji wa muziki akiwa na saa yake.